Divai nyekundu ya Ufaransa: juu ya nini inakausha ulimi, na chakula gani kinaiweza

Ku meza ya mahari ao ya arusi katika kartieri Lumumba, chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa inapenda kuonekana. Inasimama katikati, karibu na gato, na wageni wanaiona mbele ya kukaa. Famili yenye imeileta imetoa dola zake. Chupa moja inaweza kushinda bei ya kilo kadhaa za nyama. Kisha inafunguliwa, wazee wanaonja kidogo, sura zinakunjamana, na mutu anaomba Coca ao Fanta ya kuchanganya ndani. Wengine wanasema divai imeharibika. Wengine wananong'ona kama wakwe wameleta kitu cha bei ya chini.

Mara mingi divai ile haina kosa. Ilitengenezwa iwe kali, na wameiweka mbele ya chakula chenye hakiiwezi. Kosa liko ku sahani, haliko ku chupa.

Neno divai lenyewe lilitoka ku Kifaransa, du vin, na wakaaji wengi wa muji walilijua kwanza ku kanisa. Sheria ya Kanisa Katolika, kanuni ya 924, inaomba divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la muzabibu, na isiwe imeharibika. Haiombi iwe nyekundu wala iwe kali. Mara mingi inakuwa tamu, tena padri anatia maji kidogo ndani. Na ku maduka vilevile, watu wengi wanazoea ile yenye sukari, ya kartoni ao ya chupa. Kwa hiyo mutu mwenye anafungua Bordeaux ao Cahors akingojea utamu ule anakutana na kinywaji kingine kabisa. Etiketi inasema wazi kwa mwenye anajua Kifaransa: doux na moelleux ni zile tamu, demi-sec iko na sukari kidogo, sec haina sukari ya kusikika ku ulimi. Divai nyekundu za Ufaransa karibu zote ni sec, hata kama neno hilo haliandikwi ku chupa.

Lakini kukosa sukari haitoshi kueleza ile hali ya kukauka kinywa. Kuna kitu kingine ndani.

Zabibu nyeusi, ukiikamua, inatoa juisi yenye iko karibu nyeupe. Rangi iko ku ganda. Njo maana Wafaransa wanaweza kutengeneza Champagne nyeupe na zabibu nyeusi. Kwa divai nyekundu wanaacha juisi, maganda na mbegu zikae pamoja siku kadhaa, wakati mwingine majuma mawili ao matatu, wakati chachu inakula sukari na kuigeuza kuwa pombe. Katika siku zile maganda yanaachilia rangi, na pamoja na rangi yanaachilia tanini. Nyuma yake, divai ya nguvu inawekwa mara mingi katika mapipa ya mbao ya mwaloni, muti wenye Wafaransa wanaita chêne, na mbao zile zinaongeza tanini yao.

Tanini haiko kitu kigeni kwa mukaaji wa Ituri. Iko katika ndizi mbichi. Iko katika pera lenye halijaiva. Na iko mingi katika chai. Mutu mwenye amesahau majani ya chai katika maji ya moto kwa robo saa, kisha akakunywa bila maziwa, anajua vizuri: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani, unasikia sawa vile umelamba kitambaa. Haiko uchungu tu, ni ukavu. Mate ya mutu yako na protini zenye zinafanya kinywa kiteleze. Tanini inazishika zile protini, na mate yanapoteza utelezi wake.

Sasa chai ile ile, uitie maziwa. Ukavu unashuka palepale. Tanini imepata protini ya maziwa ya kushika, na inaacha mate kwa amani. Katika jimbo lenye ng'ombe mingi sawa Ituri, watoto wengi wanaonja jambo hilo asubuhi bila kuambiwa jina lake. Na siri yote ya divai nzito iko hapo: nyama na mafuta yake vinafanyia divai kazi ile yenye maziwa yanafanyia chai kali. Kukunywa Madiran bila kula ni sawa kukunywa chai ya kuchemka saa nzima, bila maziwa, bila sukari, halafu kushangaa juu ya nini watu wanaisifu.

Wafaransa wenyewe hawaikunywi hivyo. Madiran na Cahors zinatoka kusini-magharibi ya Ufaransa, inchi ya bata, nguruwe na maharagi. Chakula kikubwa cha upande ule, wa Toulouse na Castelnaudary, kinaitwa cassoulet. Jina linatisha kidogo, lakini ndani ya chungu kuna maharagi meupe, nyama ya nguruwe, soseji na bata, vyenye vimepikwa polepole na mafuta mingi. Mama wa Bunia mwenye anajua kupika maharagi na mifupa yenye mafuta hawezi kushangaa mbele ya sahani ile. Divai ya kule ilikuwa kali juu chakula cha kule kilikuwa na mafuta. Vilikomaa pamoja.

Haiko kila divai nyekundu ya Ufaransa yenye iko nzito hivyo. Beaujolais, ya zabibu yenye inaitwa gamay, ni nyepesi. Bourgogne, ya pinot noir, rangi yake inapenyeza mwanga. Uzito unasikika ku ulimi, sawa tofauti ya maji na maziwa yenye mafuta yake yote. Nzito za kujulikana ni hizi: Madiran, ya zabibu tannat, yenye jina lake lenyewe linakumbusha tanini, Cahors, yenye sheria inaomba malbec isipungue sehemu 70 kwa 100, Médoc, upande wa Bordeaux, fasi ya cabernet sauvignon, na Châteauneuf-du-Pape ya bonde la muto Rhône, fasi jua ni kali na pombe inapanda degre 14 ao 15. Mutu mwenye anataka kuanza polepole atafute Saint-Émilion ao Bordeaux ingine yenye merlot mingi, ao Côtes du Rhône ya kawaida. Ziko na nguvu lakini haziumi sana.

Ku duka, kusoma etiketi ni nusu ya kazi, na watu wa hapa wako na bahati moja: imeandikwa katika luga ya masomo. Maneno Appellation d'origine contrôlée, yenye yalianzishwa na sheria ya mwaka 1935, yanamaanisha kama divai inatoka fasi yenye imetajwa na imefuata masharti ya fasi hiyo: zabibu gani, mavuno kiasi gani. Vin de France inamaanisha zabibu zinaweza kutoka kila upande wa inchi. Haiko mbaya, lakini bei yake isifanane na ya Médoc. Mis en bouteille au château inaonyesha kama imefungwa palepale fasi imetengenezwa. Lakini maneno ya kupendeza sawa grand vin, ya rangi ya zahabu, yenye yanavuta macho sana mbele ya mahari, hayaahidi mambo makubwa. Picha ya nyumba ya kifalme nayo ni picha tu. Etiketi lazima iseme kiasi cha pombe, ujazo wa chupa, jina la mwenye kuifunga na kama kuna sulfite. Moja ikikosekana, ao Kifaransa kikiandikwa na makosa, mutu arudishe chupa ku rafu.

Tena aangalie kizibo. Chupa tupu za divai hazitupwi mbali. Watu wanazitumia kuwekea mafuta ya mawese, asali, hata pombe ya nyumbani. Kama kile kifuniko cha juu kimepasuka, kimelegea, ao kina alama ya gundi, hakuna sababu ya kujaribu bahati. Pombe ya kubahatisha inaweza kuwa na methanoli, yenye inaua macho na inaua mutu.

Kuna adui mwingine mwenye hazungumzwi sana: joto la njia. Kontena yenye inaenda upande wa Ituri mara mingi inashuka ku bandari ya Mombasa, inapita Kenya na Uganda, kisha inaingia kwa mupaka wa Mahagi ao wa Kasindi. Ni majuma ya njia, na kontena inaweza kusimama siku mingi ku jua. Divai yenye imepata joto kali inavimba na kusukuma kizibo. Kwa hiyo mununuzi apitishe kidole juu ya chupa: kizibo kikiwa kimepanda kupita mudomo wa chupa, ao kukiwa na alama ya divai yenye imevuja na kukauka, ile imepikwa. Ukiionja, harufu ya tunda freshi imekufa, inabaki ya jam. Haina sumu, lakini pesa imepotea. Na ku duka, ile chupa yenye iko ku dirisha kwenye jua, hata kama ni nzuri sana kwa macho, aiache. Aombe ya ndani, kwenye kivuli. Ile yenye kizibo cha mti inakaa muda murefu vizuri zaidi ikilazwa, juu kizibo kikikauka kinaingiza hewa.

Watu wengine wanauliza juu ya nini zabibu zisilimwe karibu, divai ikaacha kusafiri. Ulaya muzabibu unalala wakati wa baridi; hapa baridi ile haiko, na upande wa Ituri mvua ni mingi, na mvua inaleta magonjwa ya majani. Kwa Waswahili fasi yenye imefaulu ni Dodoma, katikati ya Tanzania, juu kule ni kukavu, na wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Divai ya Dodoma iko ya kuheshimiwa, lakini ni habari ya siku ingine.

Nyumbani, kosa la kwanza ni joto la glasi. Vitabu vya Kifaransa vinasema divai nyekundu ikunyweke ku joto la chumba, chambré. Neno lile ni la zamani, la nyumba za mawe zenye hazikuwa na moto wa kutosha, zenye chumba chao kilikuwa na degre 17 ao 18. Bunia iko zaidi ya metre 1 200 juu ya bahari, usiku wake ni baridi, lakini saa nane ya muchana chini ya bati ao chini ya tenti ya arusi, hali ni ingine kabisa. Divai ya degre 14 yenye imepata joto vile inapiga pua na pombe tu. Upande wa pili, kuiacha ku frigo usiku kucha kunaua harufu na kunafanya tanini iwe kali zaidi, sawa chuma ku ulimi. Nusu saa ku frigo inatosha. Umeme ukikatika, kitambaa chenye maji kikizungushwa ku chupa na chupa ikawekwa fasi ya upepo kinafanya kazi, sawa ile mutungi wa udongo unafanya na maji ya kunywa.

Ifunguliwe saa moja mbele ya kula. Vizuri zaidi, imiminwe polepole katika jagi safi ya glasi. Hewa inalegeza divai kali yenye ingali kijana. Kuondoa kizibo tu na kuacha chupa wima hakusaidii sana, juu fasi ya hewa kuingia ni ndogo sawa sarafu. Glasi isijazwe, theluthi moja inatosha, ili harufu ipate fasi.

Kuonja kwenyewe hakuna uchawi. Mutu anashika glasi chini, anaiinamisha juu ya karatasi nyeupe ao kitambaa cha meza. Rangi ya zambarau inaonyesha kama divai iko kijana. Rangi ya tofali ku pembeni inaonyesha imezeeka. Ikiwa na rangi ya kahawia na umri wake ni mudogo, kuna wasiwasi. Kisha anazungusha glasi na kunusa. Hapa watu wengi wanaogopa, juu vitabu vinataja matunda yenye hayajulikani hapa, sawa cassis na mûre. Kila pua inakumbuka vitu vya kwao. Mutu wa Lumumba anaweza kukuta pale zambarau zenye zimeiva, tumbako, ngozi ya viatu mpya, kahawa yenye inakaangwa, moshi wa makala. Hiyo yote ni halali. Harufu ya siki, ao ya karatasi ya kartoni yenye imelowa na kuoza, haiko halali: ya kwanza inasema divai imegeuka, ya pili inasema kizibo kimeiharibu.

Nyuma yake anakunywa kidogo na kuiacha izunguke kinywani mbele ya kumeza. Asihukumu ku mara ya kwanza. Onjo la kwanza linasafisha kinywa tu. Ale kipande cha nyama yenye mafuta, kisha arudi ku glasi. Onjo hilo la pili njo lenye linaonyesha divai ilivyo. Mwenye anataka kuhakikisha afanye hivi: onjo moja bila chakula, onjo moja nyuma ya nyama, onjo moja nyuma ya samaki. Dakika tano zinatosha kumufundisha.

Muchomo wa ng'ombe njo rafiki wa kwanza. Nyama ya kuchoma iko na protini, iko na mafuta yenye yanadondoka ku makala, iko na chumvi, na iko na ile ganda ya nje yenye imeungua kidogo. Vyote vinne vinalegeza tanini ao vinaipatia mwenzake. Moshi unafanana na ule wa mapipa. Nyama bila mafuta kabisa haifai sana. Mbuzi nayo inaenda vizuri, zaidi ile ya kuchoma na ile ya muchuzi wa kitunguu wenye umekaa ku moto muda murefu. Nguruwe yenye mafuta inaendana na Madiran sawa vile watu wa kule wanafanya. Kuku wa kukaanga ni katikati: hamukatazi mutu, lakini divai nzito inamufunika. Afazali divai nyepesi.

Bugali haina neno. Iko laini, haina sukari, inabeba muchuzi na inapumuzisha ulimi katikati ya onjo mbili. Wafaransa wanatumia mukate kwa kazi ile ile. Maharagi yenye yamepikwa na nyama, ndiyo. Jibini ya Masisi, yenye inauzwa mpaka inje ya Kivu ya Kaskazini, ndiyo, kwa sababu ile ile ya maziwa na chai. Hata famili yenye haina uwezo wa kuchoma nyama ya watu wote inaweza kukata vipande vyake na kuviweka karibu na divai.

Sombe inaomba fikira. Ile ya mawese na nyama inakubali, juu mafuta ya mawese yanatelezesha kinywa. Ile ya samaki wadogo wa kukausha inakataa kabisa, na hapa kuna sababu ya kweli. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kama chuma chenye kiko ndani ya divai nyekundu kinaamusha harufu mbaya ya samaki kinywani. Divai yenye chuma kingi ilileta harufu nyingi. Kwa hiyo samaki wa ziwa Albert, wa Tchomia na Kasenyi, hata akiwa freshi na mutamu namna gani, akikutana na Bordeaux nzito anaacha ladha ya sarafu ya zamani. Makayabo ni vilevile, pengine mbaya zaidi. Kwa samaki, bia ya baridi ao divai nyeupe ya sec.

Pilipili ni adui mwingine, na kuwaambia watu wa hapa waiache ni kazi bure. Lakini wajue tu: pombe inaongeza moto wa pilipili, na kinywa chenye kinawaka kinasikia tanini sawa musumeno. Mutu mwenye amelipa dola zake juu ya Châteauneuf-du-Pape aweke pilipili pembeni kwa glasi ya kwanza. Glasi ya pili ni mambo yake.

Na gato ya arusi. Kukata gato na kukunywa divai nyekundu kali palepale imekuwa desturi, picha zinapigwa, maharusi wanatabasamu, lakini ku ulimi ni ajali. Kitu chenye sukari mingi kinafanya divai bila sukari ionekane chachu na chungu, hata ile ya bei ya juu. Makemba yenye yameiva na kukaangwa yanafanya vilevile. Kama lazima divai iandamane na gato, iwe moelleux ao yenye mapovu na sukari kidogo, na ile nyekundu ingojee sahani ya nyama. Hakuna mukwe mwenye atakasirika. Famili ya mahari yenye inataka kuepuka maneno inaweza kufanya jambo dogo: kupatia chupa mwenye kusimamia meza, na kumuambia itoke saa moja na nyama, haitoki na soda za kukaribisha.

Kuhusu nguvu ya pombe, hesabu iko wazi. Chupa ya sentilita 75 ya degre 14 iko na mililita 105 za pombe safi. Bia kubwa ya sentilita 72 ya degre 5 iko na 36. Chupa moja ya divai ile ni sawa bia kubwa tatu, hata kama inaonekana ndogo na ya heshima. Watu sita ku chupa moja, na nyama, na maji ya kunywa pembeni, ni kiasi kizuri. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema wazi Januari 2023 kama hakuna kiasi cha pombe chenye hakina hatari yoyote kwa afya. Yale ya zamani ya kusema divai nyekundu ni dawa ya moyo hayapaswi tena kurudiwa ku meza. Mama mwenye mimba asipewe hata kwa heshima ya kugonganisha glasi. Mwenye anakunywa Flagyl angojee amalize dawa na siku zingine tatu. Na mwenye kuendesha moto usiku ule, kinywaji chake ni soda.

Waislamu na wakristo wa makanisa mengi ya muji hawakunywi pombe, na ku mahari wanakaa meza moja na wenye wanakunywa. Chai nyeusi yenye imekolea, ya baridi, bila sukari mingi, inafanya na nyama ya kuchoma kazi karibu sawa na divai, juu tanini yake ni ndugu. Ni kinywaji cha bei ya chini, na hakuna mwenye anafikiria kukiweka ku meza ya heshima.

Chupa yenye haikuisha ifungwe tena na kizibo chake na iwekwe ku frigo, hata kama ni nyekundu. Itakaa siku mbili ao tatu. Divai yenye tanini mingi inavumilia kuliko ile nyepesi. Ikianza kunukia siki, isimwagwe. Nyama ya ng'ombe muzee, ile ya shingo ao ya muguu yenye inachosha meno, ilazwe ndani yake usiku mumoja na kitunguu, tunguu saumu na majani ya selere, kisha ipikwe polepole saa tatu ku makala ya pole, chungu kikifunikwa. Nyumba itanukia divai saa ya kwanza tu. Nyuma yake itanukia muchuzi.